Kinga Itangulie Bei: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Mafundi wa Kamukunji

Kwa viongozi wa vyama vya mafundi wa jua kali,
Kamukunji, Nairobi.

Waheshimiwa,

Kamukunji haihitaji kufundishwa kukata bati. Tangu enzi ambazo pipa la mafuta lilipasuliwa kwa patasi na nyundo, likanyooshwa chini na kugeuka karai, jiko au sanduku la mwanafunzi wa kidato cha kwanza, mafundi wa hapo wamejenga kazi inayojulikana nchi nzima na ng'ambo ya mipaka. Jiko la kauri lililoenea Kenya kuanzia miaka ya 1980 lilivalishwa ganda lake la bati na mikono ya jua kali. Barua hii haikuandikwa kuwasomesha watu hao ufundi wao. Imeandikwa kwa ajili ya mashine moja ambayo vikundi vya mafundi huitamani na kuichangia fedha: mashine ya haidroli ya kukatia mabati na sahani za chuma, ambayo wengi huiita gilotini.

Ombi liwekwe wazi mapema. Kikundi kinapokaa kuzungumzia ununuzi wa mashine hii, swali la kwanza huwa bei, na la pili huwa unene wa chuma inachoweza kukata. Kinga ya vidole hukumbukwa mwisho, na mara nyingine hukumbukwa baada ya damu kumwagika. Viongozi wanaombwa waupindue mpangilio huo. Aina ya kinga na jina la mtu atakayeshika ufunguo wa mashine viamuliwe kabla muuzaji hajapokea shilingi ya kwanza.

Gilotini ya haidroli ni mashine ya kueleweka upesi. Mota huzungusha pampu, pampu husukuma mafuta ndani ya silinda mbili, na silinda hushusha boriti nzito iliyobeba kisu cha juu. Kisu cha chini kimefungwa mezani, hakisogei. Kabla kisu cha juu hakijagusa bati, safu ya vibanio hushuka na kulikandamiza lisiteleze wala kuinuka. Kisu cha juu kimelazwa mshazari kidogo, hivyo hakikati urefu wote kwa mpigo mmoja. Huingia upande huu na kutembea hadi ule, kama mkasi wa fundi cherehani unavyopita kwenye kitambaa. Mshazari huo ndio unaoiwezesha mashine ya ukubwa wa wastani kukata sahani ya urefu wa mita mbili na nusu.

Hesabu ya nguvu inastahili kujulikana na kila anayechanga fedha. Kwa mshazari wa digrii 1.5, sahani ya chuma laini ya milimita 6 hudai nguvu ya karibu tani 25. Unene ukiongezeka maradufu, nguvu haiongezeki maradufu, huongezeka mara nne. Ndiyo maana sahani ya milimita 3 hudai tani 6 na ushei tu, na ndiyo maana anayesema "ni milimita mbili tu zaidi, itakata" anaidai mashine kitu kikubwa kuliko anavyodhani. Na ile nguvu ya kukata sahani ya milimita 6 haiwezi kujua kwamba kilicho mbele yake safari hii ni kidole.

Sasa, Kamukunji hukata nini hasa? Sanduku la shule, beseni la bati na ganda la jiko hutengenezwa kwa bati jembamba, la geji 30 au 28 hadi geji 24, yaani kuanzia theluthi moja ya milimita hadi zaidi kidogo ya nusu milimita. Kazi hiyo haihitaji haidroli. Mashine ya kukanyaga kwa mguu, isiyotumia umeme, hukata bati la hadi milimita 1.5 vizuri, hurekebishwa kwa spana, na bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya gilotini ya haidroli. Kikundi cha watengeneza masanduku kikiambiwa na muuzaji kwamba bila haidroli hakitakua, kimepewa ushauri wa kumfaa muuzaji.

Haidroli inastahili fedha yake pale kazi inapokuwa nzito: toroli za kubebea mchanga, mashine za kukata nyasi za ng'ombe, milango na mageti, matangi, meza za hoteli za chuma kisichoshika kutu. Hapo unene hupanda hadi milimita 2, 3 au 4, na mguu wa binadamu hautoshi tena. Mashine ambayo vikundi vingi vitaonyeshwa ni ile ya Kichina yenye maandishi kama QC12Y-6×2500. Herufi hutaja aina, 6 ni unene wa juu kwa milimita, na 2500 ni urefu wa kukata. Urefu huo unatosha kabisa, kwa sababu bati la futi 8 kwa 4 lina milimita 2,440 upande wake mrefu.

Ile 6, hata hivyo, imeandikwa kwa chuma laini. Chuma kisichoshika kutu ni kigumu zaidi, na mashine ya milimita 6 huteremka hadi karibu 4 kwa chuma hicho. Atakayeilazimisha atapata visu vilivyomeguka au boriti iliyojipinda, na boriti ikishajipinda hainyooki kwa nyundo.

Wapo watakaosema: basi inunuliwe ya milimita 12 moja kwa moja, ikate kila kitu. Hapa ndipo uchaguzi wa mashine na usalama wa vidole vinapokuwa jambo moja. Kinga ya mbele huacha mwanya wa kupitisha sahani, na mwanya huo lazima uwe mpana kuliko sahani nene kuliko zote zitakazokatwa. Kiwango cha kimataifa ISO 13857 kinaeleza umbali ambao kinga inapaswa kukaa kutoka sehemu ya hatari kulingana na mwanya wake. Mwanya mrefu wenye upana usiozidi milimita 8 unataka kinga iwe angalau milimita 20 kutoka kwenye hatari. Mwanya wa zaidi ya milimita 12 hadi 20 unataka angalau milimita 120, kwa sababu hapo vidole huingia vyote hadi kwenye mzizi. Mashine ya sahani nene ina mdomo mpana. Kikundi kinachokata milimita 2 mwaka mzima na kununua mashine ya milimita 12 kwa tamaa ya siku moja kinawafungulia wanachama wake mdomo huo mpana kila siku ya kazi. Isitoshe, mashine kubwa iliyochakaa hulikunja bati jembamba katikati ya visu badala ya kulikata.

Vipimo hivyo vianze kuhesabiwa kwenye vibanio, si kwenye kisu. Watu wengi huogopa kisu na kusahau kwamba vibanio hutangulia kushuka, navyo hukandamiza kwa nguvu ya kuponda mfupa.

Jambo jingine ni mashine za mtumba. Gilotini za zamani za umeme zisizo za haidroli huendeshwa kwa flaiwili, lile gurudumu zito linalohifadhi mwendo. Nyingi zina klachi ya aina ambayo ikishanasa, kisu hushuka na kupanda mzunguko mzima, hata anayeiendesha akiondoa mguu au kuzima umeme. Haidroli hupokea amri ya kusimama katikati ya safari na kurudi juu. Kwa mwandishi wa barua hii, hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kuichagua, kubwa hata kuliko nguvu yake. Lakini sababu hiyo hufa siku ambayo kitufe chekundu cha dharura kimeunganishwa vibaya au pedali imekwama chini.

Kwa mashine ya mtumba, macho yaanzie pale ambapo kinga inapaswa kuwa. Matundu ya boliti yasiyo na boliti, alama ya rangi mpya mahali palipokuwa na kizuizi, swichi ya kinga iliyofungwa kwa waya ili mashine idhani kinga ipo: hizo ni habari tosha. Mashine iliyoishi bila kinga kwa miaka imefanya kazi mikononi mwa watu waliozoea kuishi hivyo, na haielekei kwamba mafuta, visu na nyaya zake zilitunzwa vizuri zaidi. Mkataba wa 119 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1963, unahusu kinga za mashine, na unaweka wajibu kwa muuzaji na mkodishaji pia: mashine yenye sehemu hatari zisizo na kinga haipaswi kuuzwa wala kukodishwa. Kikundi kinaweza kuutaja mkataba huo mbele ya muuzaji bila aibu. Kinga si zawadi ya kuombwa katika mapatano ya bei.

Pazia la mwanga, yaani miale isiyoonekana inayosimamisha mashine mkono ukiikatiza, hupatikana kwenye mashine ghali zaidi na mara nyingi hufungwa upande wa nyuma. Ni kifaa kizuri kikiwekwa mbali inavyotakiwa. Mkono unaonyooshwa kwa haraka huhesabiwa kwenda mita 2 kwa sekunde. Mashine inayochukua sehemu moja ya tano ya sekunde kusimama inahitaji pazia liwe angalau milimita 400 kutoka kwenye kisu. Pazia lililobandikwa karibu na kisu ni taa za kupendezesha tu.

Upande wa nyuma wenyewe haupewi heshima yake. Vipande vilivyokatwa huangukia huko. Bati la futi 8 kwa 4 lina uzito wa kilo 23 hivi kwa kila milimita ya unene, kwa hiyo sahani nzima ya milimita 6 ni kilo 140. Nusu ya sahani hiyo ikidondoka juu ya mguu wa kijana aliyetumwa kuokota vipande, hakuna kiatu cha ngozi kitakachomwokoa. Na kijana huyo, akiwa ameinama nyuma, haonekani na mwenye pedali.

Hapo ndipo ilipo hatari ya pekee ya mashine ya kikundi, na viongozi wanaombwa waitafakari kwa kina. Katika kiwanda kimoja chenye mwajiri mmoja, mtu mmoja hufundishwa, hujulikana, huulizwa. Katika uwanja wa mafundi mamia, mashine ya wote huguswa na wote. Huyu anakuja na bati lake, ana haraka, mteja amesimama. Yule anamshikilia upande wa pili. Wa tatu anakanyaga pedali kwa sababu amezoea kusaidia. Hakuna mwenye nia mbaya, na bado mikono minne iko mbele ya kisu huku mguu unaokanyaga ni wa mtu wa tatu. Ajali inayotokea hapo haina mwenyewe. Kila mmoja husema alidhani mwenzake ametoa mkono.

Dawa yake ni ya utaratibu na haina gharama kubwa. Mashine nyingi za haidroli huja na swichi ya ufunguo. Ufunguo huo uwe mfukoni mwa mwendeshaji mmoja aliyefunzwa na kulipwa, naye awe na msaidizi mmoja anayejulikana kwa jina. Fundi mwenye bati alete vipimo vyake, asimame nyuma ya mstari wa rangi uliochorwa sakafuni, akatiwe, alipie, aondoke. Anayekanyaga pedali awe yule yule anayeona mikono yote. Pedali iwe na kifuniko ili kipande kinachodondoka kisiikanyage. Wanachama watanung'unika kwamba wamechangia mashine na hawaruhusiwi kuigusa. Kiongozi atakayestahimili manung'uniko hayo mwaka wa kwanza amefanya kazi kubwa kuliko aliyetafuta fedha za kuinunua.

Mwendeshaji huyo apewe pia mamlaka ya kukataa. Asikate nondo wala chuma cha duara, kwa kuwa huviringika na kuweka nguvu yote kwenye nukta moja ya kisu. Kazi hiyo ni ya msumeno wa chuma au mashine ya vyuma vya duara. Asikate springi za gari. Asikate sahani yenye mstari wa kuchomelea au ukingo uliokatwa kwa gesi, ambao una gamba gumu. Asikate mabati mawili kwa pamoja, moja juu ya jingine. Na asikate ukanda mwembamba ambao vibanio haviufikii, kwani huo ndio unaomshawishi mtu ausukume kwa ncha za vidole. Ukitakiwa kusukumwa, usukumwe kwa kijiti au kwa kipande kingine cha bati.

Mwanya kati ya visu viwili hurekebishwa kulingana na unene. Kwa chuma laini huwa kati ya asilimia 5 na 10 ya unene wa sahani: kwa milimita 1 ni kama milimita 0.05 hadi 0.1, kwa milimita 6 ni milimita 0.3 hadi 0.6. Vile vipande vyembamba ambavyo makanika hupimia valvu za injini vinatosha kuukagua. Mwanya ukizidi, ukingo wa bati hubaki na makucha yanayochana viganja. Ukipungua, visu hugongana na kumeguka. Visu vingi vina zaidi ya ukingo mmoja wa kukatia na huweza kugeuzwa kabla ya kunolewa, lakini asiwepo wa kuvigeuza mashine ikiwa na umeme. Swichi kuu izimwe na kufungwa kwa kufuli, na boriti itegemezwe kwa gogo imara, maana kuzima pampu hakuzuii uzito wa boriti kushuka taratibu.

Kisha mafuta. Watengenezaji wengi hutaja daraja la ISO VG 46. Uchafu ndani ya mafuta huua pampu na valvu, na uwanja wenye vumbi la grinda ni adui wa kila siku, kwa hiyo pipa la mafuta lisiachwe wazi na kichujio kibadilishwe kwa wakati. Mfumo huu hufanya kazi kwa shinikizo linaloweza kufikia baa 200 au zaidi. Mpira ukipasuka tundu la ukubwa wa sindano, mafuta hupenya ngozi bila maumivu makubwa mwanzoni, na aliyepenywa huweza kupoteza mkono asipopasuliwa hospitalini upesi. Uvujaji usitafutwe kwa kiganja. Utafutwe kwa kipande cha kadibodi.

Na hili lisomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote. Mashine nyingi za aina ya QC12Y huirudisha boriti juu kwa silinda zenye gesi ya naitrojeni. Gesi hiyo hupungua na huhitaji kujazwa. Katika uwanja wa mafundi, mtungi ulio karibu kuliko wote ni wa oksijeni ya kuchomelea, na kwa macho gesi ni gesi. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya haidroli hulipuka. Hewa ya kompresa nayo isitumike. Ni naitrojeni peke yake, na ijazwe na fundi wa haidroli mwenye vifaa vyake. Bango liandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa juu ya valvu yenyewe, kwa kuwa kitabu cha maelekezo mara nyingi huja kwa lugha ambayo mwenye spana haisomi.

Kuhusu umeme, inatosha kusema kwamba mashine ya milimita 6 huwa na mota ya kilowati 7.5 hivi na hutaka fezi tatu. Fezi zikibadilishana mahali baada ya marekebisho ya nyaya, pampu huzunguka kinyume na kuharibika. Fezi moja ikikosekana, mota huungua. Kifaa cha kulinda fezi ni cha bei nafuu mno kikilinganishwa na mota.

Sheria haiko kimya. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 inataka sehemu hatari za mashine ziwe na vizuizi madhubuti, na inataka mahali pa kazi pasajiliwe. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, ya mwaka huo huo, humlinda mwajiriwa. Lakini fundi anayejiajiri hana mwajiri wa kumdai. Mwanachama akikatwa vidole na mashine aliyoichangia mwenyewe, familia yake itategemea harambee. Kikundi kinachotoza ada kwa kila mkato kinaweza kutenga sehemu ya ada hiyo kwa bima ya ajali, na uamuzi huo ni rahisi zaidi kupitishwa kabla mashine haijafika.

Mwanzoni mwa mwaka 2018, madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta waliurudisha mkono wa kijana uliokatwa na mashine ya kukata nyasi za mifugo, kwa upasuaji uliochukua saa kadhaa. Habari ile iliifurahisha nchi, na iliwezekana kwa sababu mkono ulifika hospitalini ungali na uhai. Kidole kilichokatwa kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na mfuko huo ndio uwekwe juu ya barafu. Nyama isiguse barafu moja kwa moja. Kila mtu wa uwanja ule anapaswa kulijua hilo, hata mama anayeuza chai.

Limebaki ombi moja. Kamati ya ununuzi isiwe ya mwenyekiti, katibu na mweka hazina peke yao. Awemo fundi aliyewahi kuumizwa na mashine. Kamukunji haitakosa mtu wa namna hiyo. Yeye na mwendeshaji aliyeteuliwa waende kwa muuzaji wakiwa na vipande vyao wenyewe vya bati: kimoja cha geji 28, kimoja cha milimita 2, kimoja cha milimita 4. Mashine iwashwe, vikatwe mbele yao, na kitufe chekundu kibonyezwe kisu kikiwa katikati ya safari. Halafu wachukue kijiti chenye unene wa kidole na kujaribu kukipenyeza chini ya kinga mpaka kifike kwenye vibanio. Kikifika, warudi nyumbani na fedha za wanachama.

Wasalaam.